Mtu Aliyetugeuzia Mgongo

Nani alinipa ruhusa ya kumsemea mtu aliyetugeuzia mgongo? Swali hili nimejiuliza mpaka limepoteza sura ya swali, sasa linanijia kama kikohozi, bila kualikwa, katikati ya maneno mengine. Sikuombwa na yule mtu. Sikuombwa na walioketi mbele yangu. Kulikuwa na kimya tu, na mimi kimya sikiwezi, basi nikakijaza. Yote mtakayosikia yametokana na hilo.

Mimi ni mtafsiri wa filamu katika banda la mabati, katika mji ambao jina lake silikumbuki. Kazi yangu ni kukaa kwenye kiti kirefu nyuma ya mabenchi, mkononi nina maikrofoni iliyofungwa leso, na kuwageuzia watazamaji maneno ya wageni wanaopita kwenye kioo. Ninakuwa mume, ninakuwa mke, ninakuwa bibi anayegomba dirishani, ninakuwa mbwa. Mtu akifa kwenye kioo, mimi ndiye ninayekata roho kwenye spika, na watu wanalia kwa kufa kwangu. Humu wananiita Bwana Sauti. Jina la nyumbani nilikuwa nalo nilipoingia, naamini hivyo, lakini mtu anayesema "mimi" kwa niaba ya watu ishirini katika alasiri moja, ile "mimi" yake mwenyewe hulegea kama lastiki ya suruali. Siku unapoishika unakuta haibani tena.

Na jambo jingine nalisema mapema ili mnichukie mapema: lugha ya filamu yetu siijui. Sijui hata neno lake la maji. Msishangae, kazi yetu ndivyo ilivyo, na watafsiri wengi niliowajua walifanya hivyohivyo wakala kwa jasho lao. Unatazama macho, unatazama mikono. Mtu akipiga meza, unamtukania mwenzake. Mwanamke akigeukia ukuta, unamletea mama mkwe. Watu watakusamehe ukikosea, watakusamehe hata ukimpa mtu mmoja majina matatu kabla ya harusi. Kosa moja tu halisamehewi, nalo ni kunyamaza. Ukinyamaza, vichwa vyote vinageuka nyuma kukutazama, na mimi macho yale siyawezi.

Filamu yenyewe ni moja. Kanda moja, deki moja, kioo kimoja. Mwanzo wake ulikatika zamani, hivyo hatujui inaitwaje. Kuna mwanamume mwenye koti la kahawia. Kuna mwanamke mwenye kofia ndogo. Wanakula bila kutazamana, kuna mtu mgonjwa, kuna harusi ya watu wengine, kuna mlango unaobamizwa. Mwishoni wako kwenye kituo cha treni. Mwanamke ameketi kwenye benchi na sanduku lake. Mwanamume anasimama, anamgeuzia mgongo, anatugeuzia na sisi, anaanza kutembea kuelekea mwisho wa jukwaa. Anatembea dakika mbili nzima. Anakuwa mdogo, anakuwa koti, anakuwa doa. Hakuna muziki, hakuna treni. Halafu kioo kinakuwa bluu.

Siku ya kwanza dakika zile mbili zilinikuta sijajiandaa. Nilisikia mabenchi yakilia. Nikasikia mtu akiguna. Jasho likanitoka, nikaileta maikrofoni mdomoni, nikampa yule mtu sauti nzito, sauti ya mwenye mamlaka, nikasema: "Nisubiri papo hapo. Nitarudi." Banda zima lilishusha pumzi. Hata mimi nilishusha. Kioo kikawa bluu, nikawasha taa, na hakuna aliyenyanyuka. Walikaa wakitazama ile bluu. Kisha mtu mmoja akasema, kwa upole kabisa, "Bwana Sauti, si amesema anarudi? Weka basi tuone anavyorudi." Nikarudisha kanda nyuma.

Tangu hapo ni muda gani? Bati la paa lina tundu la msumari, na kwa tundu hilo jua linaingiza doa la mwanga linalotembea ukutani. Doa likigusa ukingo wa kioo tunasema ni saa tisa alasiri, na kila ninapoinua macho liko papo hapo, kwenye ukingo. Nilipoingia nilikuwa na meno yote. Mbao za mabenchi zimebonyea kwa makalio ya watu, kila mtu na bonde lake. Na mlango? Mlango ni gunia la katani, limetundikwa kwa misumari minne juu ya uwazi, na upepo ukipita linainuka unaona miguu ya watu wa nje, unaona kuku, unaona gurudumu la baiskeli. Hakuna kufuli. Hakuna mlinzi. Nalisema hili kwa wale watakaotaka kujua nani aliyetufungia. Nimewahi kufikiri kwamba kufuli lingetusaidia, maana aliyefungiwa kwa kufuli anajua amefungiwa, atapiga mlango, atapiga kelele, ataumia mkono. Sisi tunasubiri tu, na anayesubiri hujiona yuko safarini. Ukimwambia umekwama anakucheka.

Tunayo na desturi yetu. Kioo kinapokuwa bluu, kabla ya kurudisha kanda, kila mtu anatoa maoni yake juu ya filamu aliyoitazama. Asiyetoa maoni tunamhesabu kuwa hakutazama. Anayeongoza ni Mwalimu Lupogo, mstaafu, ambaye bado anatembea na kipande cha chaki mfukoni na anaipa filamu alama kwenye bati la ukuta.

"Nani anafungua?" aliuliza leo, akigonga benchi kwa kidole.

"Mimi," alisema Ngwali. Ngwali ni fundi viatu, na filamu anaitazama kuanzia kwenye kifundo cha mguu kwenda chini. "Mimi nimeangalia ile ya daktari. Yule aliyeua mgonjwa kwa bahati mbaya akaamua kuukimbia mji. Nzuri, ila viatu vile havikimbii mji, jamani. Soli ya ngozi, chini mawe matupu? Hafiki popote yule. Atarudi tu."

"Daktari gani?" alidakia mtu wetu mwingine, jina lake Sikudhani. Yeye anakaa benchi la pili na mfuko wake wa karanga, na hajawahi kumwacha mtu amalize sentensi. "Hakukuwa na daktari. Mimi nimerudia ile ya mama mkwe. Filamu hiyo! Kila nikiirudia naona jipya. Leo nimegundua mama mkwe ndiye aliyeficha barua, na mume wa watu kaondoka kwenda kuitafuta. Ataileta. Mtaona wenyewe."

"Hakuna barua," alisema Mwalimu. "Mimi niliyoitazama ni ya utawala. Yule bwana ni kiongozi, na mwanamke yule ni wananchi. Kiongozi akikwambia usubiri, ujue kuna mpango. Watu hawana subira, ndiyo maana nchi haziendi." Akainuka akaandika tisa kwenye bati, akafikiri, akaifuta kwa kiganja, akaandika nane na nusu.

Ilikuwa filamu ileile. Wote watatu walikuwa wametazama kitu kimoja, kwa wakati mmoja, bega kwa bega. Ni mimi. Nikichoka namfanya yule mtu daktari, nikiwa na hasira namfanya kiongozi, siku nikikumbukia mambo yangu ya zamani mama mkwe anaingia. Kila mmoja alidaka toleo lake, akalishikilia, na sasa hata nikisema mengine hasikii isipokuwa lile. Zamani nilijisifu kwa hilo. Nilijiona mtu mkubwa mwenye filamu elfu mfukoni. Lakini kuna sentensi moja ambayo sijawahi kuibadilisha, ile ya mgongo, kwa sababu siku moja nilijaribu kumfanya aseme "kwaheri" wakazomea mpaka bati likatetemeka. Wanagombana juu ya kila kitu isipokuwa uongo wangu. Juu ya huo tu ndipo wanapopatana, na wakipatana wanakuwa watu wazuri sana, wanagawiana karanga.

"Na wewe Bi. Masika?" aliuliza Mwalimu. "Maoni."

Masika anakaa benchi la mbele na anashona. Aliingia siku ile ya kwanza akiwa na nywele nyeusi. Alikuwa amemwacha binti yake Siwema, mtoto wa miaka mitano, kwa jirani, akamwambia, "Nakuja sasa hivi." Mkononi alikuwa na gauni la huyo mtoto, limebaki pindo tu, akakusudia kulimaliza huku anatazama. Akalimaliza. Kanda ikarudishwa, naye akawaza kwamba mtoto anakua, akalifumua pindo, akaongeza kitambaa. Kitambaa anakikata kwenye kanga yake mwenyewe. Kila filamu ikiisha, gauni limerefuka kidogo na kanga imefupika kidogo. Mwanzoni nilimuuliza kwa nini haendi, akanionyesha yule mwanamke wa kwenye kioo, na sanduku lake. "Ameambiwa asubiri, kaka. Naona haya kunyanyuka nikamwacha peke yake. Akirudi tu yule bwana, na mimi naondoka." Nywele zake sasa ni nyeupe zote.

"Sina maoni, Mwalimu," alisema Masika. "Leo nina swali, namuuliza kaka yangu huko nyuma." Akasimama, akaliinua gauni kwa mabega yake mawili ili nilione vizuri. "Kaka, mtoto wa miaka mitano anakua kiasi gani katika filamu moja?"

Lilikuwa gauni la mtu mzima. Lilikuwa na nafasi ya kifua na nafasi ya nyonga, lingemtosha mwanamke mwenye watoto wake. Shingoni bado kulikuwa na ile kola ndogo ya mwanzo, yenye maua, ya mtoto.

"Watoto wa siku hizi wanakua haraka," alisema Ngwali, na watu wakacheka.

Mimi niliona aibu. Aibu ya kweli. Nikajiambia: kuna mtu huko nje aliambiwa "nakuja sasa hivi," na hajui kwamba kinachomzuia mama yake ni sentensi ya mtu mmoja mwoga. Labda bado amekaa kizingitini kwa jirani. Labda ameshaondoka, ameolewa, amepata mtoto na anamwambia na yeye maneno hayohayo. Mama mmoja anamsubiri mtu ambaye hakuahidi, huku mtoto wake anamsubiri yeye ambaye aliahidi. Na mimi niko katikati na maikrofoni. Nikaileta karibu, maana bila hiyo sauti yangu ni ndogo.

"Jamani, yule mtu hakusema kitu."

"Mtu gani?" aliuliza Mwalimu.

"Mwenye koti. Pale mwishoni. Maneno ya 'nisubiri' ni yangu. Niliyatunga mimi, kwa kuogopa kimya. Hatarudi. Hakuna kanda ya pili. Bi. Masika, nakuomba, nenda kwa mwanao."

Mwalimu Lupogo akakohoa. "Maoni ya mtafsiri yamepokelewa," alisema, kwa heshima yote. "Lakini tukumbushane utaratibu. Anayetoa maoni ni aliyetazama. Wewe hutazami, Bwana Sauti. Wewe unasema."

"Kachoka huyo," alisema Ngwali. "Mpeni maji."

"Hajachoka!" Sikudhani alikuwa amesimama, karanga zinamwagika. "Anatuharibia mwisho makusudi, kwa wivu. Mimi nimesikia kwa masikio yangu haya. Alisema. Sauti ya kiume, nzito."

"Ile sauti ni yangu, Sikudhani."

"Yako hii, nyembamba? Usijipe ukubwa."

Wakacheka tena, wakafurahi, Mwalimu akaniashiria nirudishe kanda. Masika alikuwa bado ananitazama. Alikaa akaendelea kushona, lakini nilimwona akijichoma kidole, na yeye huwa hajichomi.

Basi nikakaa kwenye kiti changu kirefu nikizungumza na nafsi yangu, kanda ikizunguka. Umesema uongo kwa sauti nzito wakaamini. Umesema kweli kwa sauti yako wakakupa maji. Sasa? Toka. Gunia hilo hapo. Toka na wewe. Siwezi. Kwa nini huwezi? Kwa sababu nje kila mtu anajisemea. Mwuza machungwa anajisemea, mgomvi anajisemea, hata mtoto akiumwa anasema mwenyewe panapomuuma. Mimi huko ni nani? Naogopa, nimesema, naogopa. Nimewalaumu hawa kwa kukaa, na miguu iliyokufa ganzi kuliko yote humu ndani ni yangu. Basi angalau nyamaza. Kitu kimoja tu hujawahi kuwapa watu hawa, ni kimya. Wape.

Nilitafsiri filamu ile vizuri kuliko siku zote. Niliwapa daktari, barua na mpango, kila mtu na chake, hata mbwa nilimpa huzuni. Tukafika kituoni. Mwanamke akaketi na sanduku lake, mwanamume akasimama, akageuka. Nikaizima maikrofoni nikaiweka chini, sakafuni, mbali na mkono wangu.

Koti likaanza kutembea. Mabenchi yakalia. Kichwa cha kwanza kikageuka nyuma, kikageuka cha pili, macho yale yakanikuta, nikauma ulimi mpaka nikasikia ladha ya damu. Nikadhani nimeshinda. Ndipo nikamsikia Sikudhani, kwa sauti nzito ambayo sikujua anayo, "Nisubiri papo hapo," na Ngwali akaingia, na Mwalimu, na mabenchi yote, watu ishirini kwa kinywa kimoja, "Nitarudi." Walisema vizuri kuliko mimi. Walijua mahali pa kushusha pumzi. Hapo nilielewa kwamba sentensi ile haikunihitaji tena, na kwamba ningeweza kufa pale juu ya kiti, ikaendelea.

Lakini Masika hakufungua mdomo. Alikuwa amesogea mpaka kwenye kioo, pua karibu iguse, akilifuata lile koti kwa kidole chake kilichochomwa sindano.

"Bi. Masika, unatuziba," alisema Ngwali.

"Hakusema," alisema Masika. Hakupaza sauti. "Miaka yote nakaa hapa namtazama mtu mdomo, na mdomo wenyewe hajatuonyesha. Mgongo tu. Tazameni." Hakuna aliyetazama, walikuwa wanamtazama yeye kwa hasira. Akashusha kidole kwenye benchi la kituo, kwa yule mwanamke. "Na wewe dada, nyanyuka. Chukua sanduku lako. Huna unayemsubiri."

Kioo kikawa bluu. Masika akakata uzi kwa meno, akakunja gauni, akaliweka kwapani. Kanga yake ilikuwa imebaki kama kitambaa cha kichwa. Akapita katikati ya mabenchi, na watu wakasogeza magoti kumpisha huku wakitoa maoni: kwamba ameondoka kabla ya sehemu nzuri, kwamba wanawake wengine hawajui filamu, kwamba atajuta. Mwalimu akafuta nane na nusu akaandika kumi, kwa hasira.

Nilishuka kwenye kiti. Sikumbuki mara ya mwisho nilishuka lini. Nilimkuta mbele ya gunia, mwanga umemlala miguuni, na kwa karibu niliona jinsi alivyozeeka, na niliona kwamba alikuwa anaogopa.

"Itakuwaje asiponitambua?" aliniuliza.

Watu wote kwenye kioo niliwatungia majibu, yeye sikumtungia. Nikasema kweli. "Sijui, dada. Nisamehe."

"Twende basi, kaka. Unafanya nini humu?"

Nikaitazama miguu yangu. "Tangulia wewe. Niangalizie tu kama huko nje kuna nafasi ya mtu kama mimi, uje uniambie."

Alinitazama kwa huruma, na sikukasirika, ilikuwa haki yangu. Akaligusa bega langu kwa mkono wenye sindano. Akasema, kama mtu anavyomwambia mwenzake anapoingia dukani mara moja, bila uzito wowote:

"Nisubiri papo hapo. Nitarudi."

Gunia likainuka, nikaona kuku, nikaona gurudumu, nikaona miguu yake miwili ikikaza mwendo, ikaanza karibu kukimbia. Gunia likashuka.

Huko nyuma wananiita niweke kanda. Sikudhani anasema nimezidi maringo. Nimewaachia deki waiweke wenyewe, wanajua, na maneno wanayajua. Mimi nimekaa benchi la mbele, kwenye bonde aliloliacha yeye, nimekipa kioo mgongo na nimeelekea mlangoni. Najua mlichotaka kuniambia. Maneno yale nimeyatunga mimi, nani atajua kuliko mimi kwamba hayakuwa na mtu ndani yake? Najua yote hayo. Lakini yule wa kwenye filamu hatukumwona uso, na huyu nilimwona. Nilimwona midomo ikisema. Amebakiza uzi kidogo hapa kwenye benchi, nimeusogeza pembeni nisije nikaukalia, akirudi aukute.